Mashimo Saba ya Njia ya Mivinje

Jumatatu, 3 Novemba

Shimo la saba limejaa. Toroli kumi na moja za udongo mwekundu, peke yangu. Mgongo unauma. Acha uume.

Udongo nimeuacha umevimba kiganja kimoja juu ya njia. Ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa kantoneiro, mtunza barabara wa serikali, kule Pundanhar. Ukilijaza shimo likawa sawa na ardhi leo, kesho limedidimia. Uache uvimbe, miguu ya watu itaushusha. Kila shimo nimeliwekea jiwe jeupe la pwani mwanzo na jingine mwisho, mtu asijikwae. Pikipiki ndizo zilizochimba, tairi zikifuatana kwenye mfereji ule ule, maji yakamalizia. Sasa nimepiga vigingi langoni. Pikipiki haipiti.

Njia yenyewe ni fupi, kutoka sokoni hadi ufukweni, kati ya minazi na mivinje. Lakini ndiyo njia pekee ya bustani ya mtaa, na kamati imenikabidhi mimi. Asubuhi hupita wenye presha na sukari walioambiwa hospitalini watembee, kisha watoto wa shule, kisha wanawake wanaokwenda kuokota kombe maji yakipwa. Jioni vijana wa mazoezi. Bila njia hii wote wako barabara kuu, bega kwa bega na malori.

Mvua bado kama wiki tatu. Gogo hushindilia juu, miguu hushindilia mpaka chini. Mvua kubwa ya kwanza ikiukuta udongo bado mlegevu, itaubeba wote baharini na mimi nitabaki na korongo. Kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni ya miguu yao.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekaa langoni tangu kupambazuka. Wamepita sita. Kwa kawaida hawapungui arobaini. Labda kuna msiba mahali. Sijasikia.

Alhamisi, 6 Novemba

Wanne.

Na mke wangu Mwanaasha, mwenye sukari, nimemwona kwa macho yangu barabara kuu na wenzake, wanatembea kwenye vumbi. Nimemuuliza. Kasema mchanga wa njia yangu unamchosha mguu. Mguu huo huo uliocheza ngoma harusini Quionga mpaka asubuhi.

Tena kuna kijia kipya upande wa kusini. Watu wanatoka njiani kabla ya shimo la kwanza, wanazunguka nyuma ya mikorosho, wanarudi baada ya shimo la saba. Wamekanyaga mtaro wangu wa maji ukavunjika. Njia ikiwa mbili, mtunzaji anatakiwa awe wawili. Nimekasirika kweli.

Jema moja la leo: muuza samaki kaniongezea changu wawili bure. Kasema Mungu atanilipa kwa kazi ile. Angalau mmoja ana macho.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekata matawi mabichi nikayalaza mwanzoni mwa kijia. Kibao cha mwalimu Abudo, mwenyekiti wetu wa kamati, kilichoandikwa kwa Kireno kizuri, hakijawahi kumzuia hata mbuzi. Tawi bichi linazuia. Kila mtu hapa amelelewa akijua kwamba tawi lililolazwa njiani maana yake usipite huku, wenzako wamekwenda kwingine.

Wameheshimu. Hakuna aliyepita kijia. Wala njia. Wote wamehamia barabara kuu. Saa moja asubuhi lori la mchanga limempita binti wa shule karibu mno, madaftari yakamwanguka. Hakuumia. Nimeyaokota mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Shimo la tatu limemwagiwa maji. Juu yake kikonyo cha mrehani, kimechomekwa upande wa jiwe. Michezo ya watoto. Nimeung'oa mrehani nikautupa.

Jumanne, 11 Novemba

Si watoto.

Nilifika mapema kutengeneza mtaro. Bi Atija alikuwa amekaa chini kando ya shimo la tatu. Bi Atija anapika vitumbua karibu na lango, mtaa mzima unavila. Viatu vyake alikuwa amevivua akaviacha mbali. Chupa ya maji pembeni, juzuu mkononi, anasoma Yasini kwa sauti ya chini. Alipomaliza akamwaga maji taratibu, kutoka jiwe hadi jiwe. Kisha akachomeka mrehani mwingine.

Mwanawe Momade aliondoka na baiskeli mwaka ule mtaa mzima ulipokimbia vita, kumfuata shangazi yake upande wa Pundanhar. Hakufika, hakurudi. Bi Atija hajawahi kukubali isomwe hitima. Husema hitima ni ya aliyekufa. Kila Idi anamwekea sahani.

Nilisimama nyuma ya mvinje nikaitazama njia kutoka alipokaa yeye. Ndipo nikaona. Udongo mpya uliovimba. Jiwe kichwani, jiwe miguuni. Urefu wa mtu. Yamelala mashariki kwa magharibi, kama tunavyowalaza wafu wetu, kwa sababu njia yenyewe inakwenda hivyo. Saba kwa mstari.

Wiki nzima nimeyatazama nikaona mashimo tu. Nikakaa chini.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Mwanaasha aseme ukweli. Amesema. Mtaa unaamini kuna mifupa iliyookotwa porini, ikaletwa izikwe kwa heshima mahali penye kivuli, na kamati ikanipa mimi kazi hiyo kwa kuwa nina kifua, siri haitoki. Ndiyo maana ya samaki. Ndiyo maana wanaume wakubwa wamekuwa wakinisalimia huku wameweka mkono kifuani. Nami nikajiona nimeheshimiwa kwa ajili ya mitaro.

Nikamuuliza kwa nini yeye, mke wangu, hakuniuliza. Kasema amana haiulizwi, alijua nitamwambia siku nikiruhusiwa. Miaka thelathini ananiita domo kaya, leo ndiyo kanisifu kwa kunyamaza.

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka Bi Atija na mrehani niliotupa, nikaacha kucheka. Watu wa hapa tumejifunza kutouliza habari za wafu. Nani yuko wapi, nani alimwona mwisho. Ukiuliza unaweza kujibiwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwalimu Abudo naye alicheka nilipomweleza. Anataka kutangaza kesho msikitini baada ya sala. Kila siku inayopita bila miguu ni hasara, na upande wa Quionga tayari kuna mawingu mchana. Nimekubali. Lakini Bi Atija asisikie kwa majirani. Nitamwambia mimi kwanza.

Nilikwenda leo. Nikafika mpaka jikoni kwake, nikanunua vitumbua vinne, nikaondoka. Mwoga.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti chake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea.

"Dada Atija, pale mivinjeni hamna mtu. Ni shimo la pikipiki. Nimelijaza mimi kwa toroli."

Akaendelea kugeuza. Akauliza kama yote saba. Nikasema yote saba. Nikamwambia na mrehani wa kwanza, kwamba niliutupa mimi bila kujua. Kasema mrehani ni jani, yatachipua mengine.

Kisha akaweka kijiti chini.

"Nilikuwa nishamlilia, Bakari. Juma hili nimelala usingizi wa kweli, na wewe umekuja kunirudishia kungoja."

Vitumbua viliungua chunguni, na mimi nakula vya mama huyu miaka yote sijaona kimeungua hata kimoja. Nikaaga. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Mwalimu Abudo ametangaza msikitini. Amesema vizuri. Watu wamesikiliza kwa adabu sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakuna aliyeamini. Wanasema kamati imeagizwa ikanushe. Wanasema Bakari wa watu, angefanyaje. Muuza samaki kanipa changu tena. Nimekataa. Basi amezidi kuniona mcha Mungu.

Waliopita njiani: watatu, wote wageni.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetembea mwenyewe. Kwenda na kurudi, mara thelathini, nakanyaga kila tuta. Wazee wawili waliokuwa langoni waligeuza nyuso. Nikachukua gogo nishindilie la kwanza. Pigo la pili tu, mwanamke mmoja akapita anasema astaghfirullah. Nikaacha. Mtu anayetembea juu ya maiti za watu, ndivyo nilivyokuwa machoni pao.

Jioni Mwanaasha akaja kunisaidia. Yeye anajua ukweli wote, mimi ndiye niliyemweleza. Alitembea vizuri mpaka tuta la kwanza, akainua mguu, mguu ukagoma hewani. Akaushusha pembeni. Akasema nimsamehe.

Sikumcheka. Nilifikiria kuyasawazisha yote usiku mmoja, lakini kaburi lililosawazishwa ni baya kuliko kaburi. Wangeuhama hata mtaa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye wangemwamini. Siwezi kumwomba. Sina uso.

Jumanne, 18 Novemba

Joto. Mawingu yamefika Tungue, yamekaa juu ya ghuba. Mtaro umekwisha. Kijia cha mikorosho kimeanza kuota majani, angalau hicho. Bi Atija hakupika leo. Nimepita mara mbili, mlango umefungwa.

Jumatano, 19 Novemba

Naandika haraka nisisahau jinsi ilivyokuwa.

Saa kumi na mbili na nusu. Wenye presha walikuwa sokoni wanajipanga kwenda barabara kuu, Mwanaasha kati yao. Watoto wa shule pia. Bi Atija akatoka kwake na beseni la vitumbua kichwani, kama anayekwenda kuwauzia wavuvi ufukweni. Akapita vigingi. Akaingia njiani.

Hakuvua viatu.

Hilo kila mtu aliliona. Makaburini hapa hakuna mwanamke anayeingia na kandambili. Yeye zake zilikuwa zinapiga mchanga, pa, pa, pa, na sote tunasikia. Akapanda tuta la kwanza, akashuka. La pili. Kwenye la tatu akasimama na miguu yote miwili. Beseni halikutikisika. Sijui alisimama muda gani, mimi nilikuwa nimeshika kigingi. Kisha akaendelea, la nne, la tano, mpaka mivinje ikamficha.

Mwanaasha alikuwa wa kwanza kumfuata, na safari hii mguu ulikubali. Kisha watoto, wakikimbia. Mpaka saa mbili nimehesabu hamsini na moja, nikaacha kuhesabu.

Bi Atija alirudi beseni likiwa tupu. Akasimama mbele yangu, uso umechoka.

"Jiwe la kichwani, lile la tatu. Nipe."

Nimelipeleka kwake kwa toroli. Sikuuliza la nini.

Ijumaa, 21 Novemba

Njia imejaa. Vijana wa mazoezi wamerudi na makelele yao. Mawe yaliyobaki nimeyaondoa yote, nimeyapanga kwenye mtaro yashike ukingo, nilikopaswa kuyaweka tangu mwanzo. Matuta yamekaa chini, la tatu limekwisha kabisa, huwezi kuliona. Mwenye presha mmoja kanilalamikia kwamba mchanga ni mwingi karibu na ufukwe. Nimefurahi kulalamikiwa.

Muuza samaki hakuniongezea kitu. Nimelipa bei ya kila mtu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kubwa. Nilikaa barazani nikiisikiliza, sikuweza kula.

Ilipopungua nikaenda. Maji yamefuata mtaro, yametoka pale nilipotaka yatoke. Njia imeshika. Shimo la sita tu limedidimia vidole viwili. Jumatatu nitaleta toroli moja.

Nimerudi kwa upande wa jikoni kwa Bi Atija. Alikuwa ndani, anapepeta mchele, hakuniona. Upepo wa mvua ulikuwa bado unavuma na milango yote ya mtaa imefungwa. Wake uko wazi. Ameuwekea lile jiwe la kichwani, usijifunge.