Mkono Nyuma ya Kanga

Masukulu, Juni 1993

Mkwe wangu Ikupa,

Mvua haijakatika, na mitumba imejaa soko la Tukuyu. Tangu mafua yamchukue baba mkwe wako, nalala upande wake wa kitanda.

Usiache utafiti wako wa jinsi kinga ya mwili inavyozeeka. Wazee wa hapa kijijini hawakukunyima damu ya kupima kwa ubaya. Wewe, mke wa mwanangu Jairo, ni mkwe wao wote, na mila inawakataza kuonana nawe. Jana niliwaambia tutatundika kanga mlangoni, kila mzee apitishe mkono tu. Mzee Ambindwile akacheka: “Mkono hauna mkwe.” Wamekubali wote.

Njoo na sindano zako. Nitatundika kanga aliyoninunulia marehemu. Angekuwepo, mkono wake ungetangulia.

Mama Jairo