Chaki kwenye Baiskeli ya Manjano

Baba,

Jana wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kuangalia baiskeli zako. Mama amewaambia wachukue zote saba Jumatatu. Hataki kuziona tena. Kila anayekuja kutupa pole anamwambia vilevile: "Mzee mzima alishuka mlima mbio kwa baiskeli kama kijana, akajiua." Tangu tukuzike hajakanyaga kaburini kwako, na liko hapo tu nyuma ya jikoni.

Nami nanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka Machakos nzima ilivyokucheka? Baiskeli kuukuu za milimani, za kwanza kuwekwa springi mbele na nyuma, unazitafuta kwenye mitumba hadi Nairobi! "Hiyo baiskeli inaruka kama mbuzi," walisema. Wewe ulicheka nao, ukarudi kusugua. Aliyekuelewa ni mimi tu, msichana mwenye grisi kwenye kucha, na Mama akilalamika nitaolewa na nani.

Ulinifundisha kila kitu. Zaidi ya yote, chaki. Osha fremu kwa mafuta ya taa, pangusa ikauke, paka chaki, iache siku nzima. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani na kuchora mstari kwenye ule weupe. Hakuna rangi kabla ya chaki. Mimi nilichukia kungoja. Ukanitania, "Wewe una haraka kama umeacha chungu motoni."

Ile ya manjano ulitaka kuiendesha Jumamosi, uende nayo Kathiani kwa nyanya. Ijumaa ukaniuliza, "Umepaka chaki?"

Nikasema, "Nimepaka."

Sikuwa nimepaka, Baba. Nilitaka tu uikute inang'aa. Nilipiga rangi moja kwa moja, nikaona nimefanya kazi safi, hata nikajisifu. Na wewe uliniamini. Hukuangalia mara ya pili.

Kwenye mazishi kila mtu alisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilitaka kupiga mayowe. Kazi yangu ilikuwa nayo!

Kwa sababu nimeuona ule mkono wa nyuma wa fremu, unaoshika gurudumu. Walioleta baiskeli kutoka pale ulipoanguka waliona chuma kimekatika, basi, wakasema ni mwendo kasi. Mimi niliugeuza kwenye mwanga. Nusu ya pale palipokatika ni chuma kipya kinachometa. Nusu nyingine ina rangi ya manjano, ndani kabisa. Rangi yangu. Iliingia kwenye ufa uliokuwepo tangu mwanzo, nikaufunika kwa brashi yangu mwenyewe.

Jumatatu kile chuma kikienda, hakuna atakayejua. Nimelifikiria hilo, sikudanganyi. Nimelifikiria kila siku. Mama ataendelea kunipenda, na wewe utabaki yule mzee mjinga aliyejiua kwa mchezo wa watoto.

Hapana. Nimeufunga ule mkono kwa ovaroli yako ya bluu, nimeuweka juu ya meza ya kulia. Mama bado yuko kanisani. Akirudi, nitamwonyesha ile rangi ya manjano kabla hajavua kitambaa cha kichwa, kabla sijaogopa. Akinifukuza, nitaenda. Lakini nakuahidi atakuja kaburini kwako leo, hata kama ni kulia tu.

Nasikia lango. Lala salama, Baba. Mwenye haraka hakuwa wewe.