Pua ya Torquil

Jumatatu, 2 Machi

Torquil kanywa chai yenye maziwa yaliyochacha. Kikombe kizima! Mimi harufu ilinipokea mlangoni. Kumbe ile homa ya Januari iliondoka na pua yake — na anatuficha! Mume wangu huyu, anayeiponda supu yangu mbele ya wageni tangu tuoane. Ambaye baa nzima ya mji wetu wa Dufftown humpelekea glasi anuse, atangaze wiski imetoka kiwanda gani. Nimecheka peke yangu jikoni. Raha tupu!

Jumatano, 4 Machi

Lachlan, mdogo wake, kauliza tumfanyie nini Torquil akitimiza miaka sitini. Nikasema: ziara ya kiwanda cha wiski. Torquil akadakia — ya nini, viwanda vyote anavijua, twende tukale tu mahali. Lachlan akamwambia: "Wee! Leo unaikimbia wiski?"

Jumapili, 8 Machi

Nimeshinda kwenye simu nachagua. Kiwanda cha kwanza wanakuonyesha mitambo ya shaba na kukupa tone moja. Hapana. Cha pili kina keki nzuri. Hapana. Cha tatu — hiki hiki! Glasi tano zisizo na majina, za viwanda mbalimbali. Unanusa, unataja, watu wote wanakutazama. Nimelipia familia nzima. Dereva mimi, kwa hiyo sinywi. Kinywaji changu watanifungia kwenye kichupa.

Jioni kaisifu supu. Nilikuwa nimeiunguza makusudi.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika chooni, kiwandani. Glasi ya kwanza alibahatisha, akapata. Ya pili akakosa, wakadhani anatania. Ya tatu akakosa tena. Lachlan akapaza sauti: "Kaka, hiyo hata paka wangu anaijua! Inanuka moshi mtupu!" Wakacheka. Torquil macho yakamlowa.

Ya nne akanisogezea mimi. "Mke wangu, hebu nusa wewe. Ninong'oneze tu." Chini ya meza kanishika mkono, kiganja kimejaa jasho. Anajua kwamba najua!

Nilinusa. Ndiyo tuliyonywa siku ya harusi yetu. Nikasema ngoja, naenda msalani mara moja.

Lachlan anagonga: "Shemeji, toka bwana! Huyu hataki kujibu bila wewe!"

Jina la kumnong'oneza nimeshalipata: ile wiski rahisi ya dukani, ya kumwagia keki. Watamcheka mpaka Krismasi. Nakuja, nakuja — najipaka rangi ya mdomo kwanza.