Kikanyagio Nilichokikataa

Faki ameagiza gari, Baba Faki! Jipya, la kutoka kiwandani, halijakaliwa na mtu. Liko juu kama la mawaziri. Hapa Ole hakuna mwenye mfano wake, na Wete sidhani, nimeuliza.

Salamu zikufikie huko uliko, mume wangu, na Mola akupanulie kaburi lako. Nilitaka ufurahi kwanza.

Unaikumbuka baiskeli yako? Nina mimba ya huyuhuyu Faki, tumbo limenifika puani, kupanda kwenye karia siwezi. Ulikwenda Chake kwa mchomeaji vyuma, ukarudi na kipande cha chuma kimechomelewa pembeni mwa gurudumu la nyuma. "Hicho nini?" nikakuuliza. "Urembo," ukasema. "Baiskeli ilikaa uchi mno." Nikaukanyaga urembo wako, nikapanda, nikakaa kama bibi harusi mpaka kliniki Wete. Jirani yetu Bi Mize akabaki mlangoni kwake anatukodolea macho. Ulijua kuwa mimi kuonewa huruma sikubali.

Mwanao ni mwema, kuliko watoto wa watu wote, lakini hilo hakulirithi. Alinipigia simu kutoka Unguja, nimekaa na Bi Mize na wenzetu tunachambua karafuu. Nikaweka spika, wasikie.

"Mama, muuzaji anauliza tuongeze nini. Nikuwekee kikanyagio mlangoni? Kwa ajili ya magoti yako."

Bi Mize akainua macho.

"Magoti ya nani?" nikamwambia. "Mimi nikitaka leo napanda mkarafuu! Weka kioo kwenye paa, na viti vya ngozi."

"Kioo cha nini, mama?"

"Nitazame mbingu."

"Mbingu si hiyo hapo uani, bure?" akasema Bi Mize. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda.

Sasa sicheki. Magoti yangu yamekwisha, Baba Faki. Nakuambia wewe tu. Nikiwa peke yangu nasali kitini. Kwenye shughuli za watu nangoja wenzangu watoke wote, ndipo nishike ukuta ninyanyuke. Juzi nilimpigia Faki, nikazunguka weee, mwisho nikamuuliza kama yale mambo ya kuongeza bado yanabadilika.

"Gari limeshapakiwa melini, mama. Kwani ulitaka nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Aa, nilikuwa naulizia rangi tu."

Akasema nyeupe. Wewe ungenitazama mara moja tu, ukatoka zako kwenda kwa mchomeaji, na mimi nisingejua kama umejua. Hilo ndilo ninalolilia, si gari. Kila kitu sasa inanibidi nikiseme kwa mdomo wangu, na mdomo wangu unaujua wewe: kujisifu unaweza, hilo hauwezi.

Pumzika, mume wangu. Mimi nina watu wa kupikia. Nimewaalika wote kwa kinywa changu waje kulipokea gari, Ole mpaka Vitongoji, na Bi Mize ameshashona nguo. Shehe atasoma dua, Faki atafungua mlango wa gari, na wote watasimama wangoje mama apande wa kwanza. Ni Jumapili ya kwanza baada ya Idi, saa nne asubuhi.

Mkeo,
Mama Faki