Beth Zimeisha

Kianjokoma,
Jumapili mchana.

Kwako Mama,

Nakusalimu sana, nikitumaini barua hii itakukuta vidole vyako vimepata joto, maana najua Timau mwezi huu ni baridi hata ndani ya yale mahema ya maua. Kile kikohozi kiliisha? Na wenzako mnaopanga waridi pamoja, wanaendeleaje? Huku sisi ni wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na ng'ombe wa Anti Angeline alizaa ndama dume, jambo lililomuudhi Anti mpaka akakataa kuongea na yule ng'ombe siku mbili.

Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Simu iko, Mama, lakini dada yako huiweka sauti ya juu halafu anajibu maswali uliyoniuliza mimi. Na unanijua, maneno yangu hutoka vizuri kwa biro kuliko kwa mdomo. Karwirwa wa darasa letu anakuja huko kwa dada yake, ndiye atakuletea.

Mama, mimi nimechoka na kusaidia jamii.

Nieleze vizuri. Unakumbuka Anti alienda ile semina ya mafundi wa nguo kule Embu mjini? Huko waliambiwa kwamba fundi mbunifu si wa magauni ya harusi peke yake, ati atumie mkasi wake kutatua shida za watu. Tangu siku hiyo hakuna mtu anapita mbele ya duka bila kuulizwa ana shida gani. Jamaldin mwenye bucha hapo kando alishonewa aproni ya mifuko sita. Aliivaa kwa adabu tu, halafu akasema shida yake ya kweli ilikuwa jirani anayemuuliza shida zake kila asubuhi.

Sasa mimi, kwa ujinga wangu, nikampa shida. Nilikuwa Kidato cha Pili. Siku zangu zilinipata katikati ya somo la Jiografia, nikabaki nimeketi kwenye benchi mpaka darasa zima likaondoka, ndipo Karwirwa akanifunga sweta yake kiunoni. Nilimwambia Anti peke yake, tena kwa kunong'ona, nikiwa nafua ile sketi. Alitoa machozi. Halafu akachukua chaki, akaanza kuchora pale pale mezani.

Sitasema uongo, Mama, ile sketi ni nzuri. Nyuma ina kitambaa cha ndani kisichopitisha maji, unakifungua kwa vifungo unakifua. Kwenye mshono wa kando kuna mfuko wa pedi ambao hata mwalimu wa zamu hawezi kuuona. Kiuno kinaongezwa msichana akikua, na bei ni ile ile ya sketi ya kawaida. Anti alisema hiyo ndiyo biashara yake kuanzia sasa, na harusi zitangoja.

Shida ni jina. Aliiita Beth.

Alisimama katika mkutano wa akina mama kanisani, mimi nikiwa benchi la tatu, akawaeleza jinsi mtoto wake Beth alivyoketi mpaka wenzake wakaisha darasani. Akaeleza na sweta. Nilitamani sakafu inifungukie. Wiki iliyofuata wakaanza kuja dukani mmoja mmoja wakiuliza kama Beth iko, kama Beth inapungua bei, kama Beth ikifuliwa inapauka. Mama mmoja alirudisha ya binti yake akilalamika kwamba Beth inambana makalio. Jamaldin naye, mtu akiuliza Beth, hujibu kutoka kwa bucha, "Beth gani? Ile ya kushonwa ama ile ya kula ugali?"

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba watu wako ngeli ya A-WA na vitu kama sketi viko I-ZI. Mama, mimi nilihamishwa ngeli bila kuulizwa. Nilikuwa Beth amefika, nikawa Beth imefika. Nilipomwambia Anti kwamba sipendi, alisema, "Mwana wakwa, mtoto wangu, wewe unaona aibu na wenzako wanakosa shule?"

Basi mwezi wa saba akaja nyanya mmoja anaitwa Ruguru, ametoka mbali kule Gachoka, vumbi mpaka kwa nyusi. Alitaka Beth moja tu, ya mjukuu wake Ann wa Kidato cha Kwanza. Alisema Ann hukaa nyumbani siku nne kila mwezi, na sasa ameanza kusema ni afadhali abaki na mbuzi kabisa. Anti akamuuliza kwa nini shule yao haikuagiza za wasichana wote. Nyanya akashangaa. Alisema Mwalimu Nyaga, naibu wa mwalimu mkuu, alipiga simu ya duka mwezi wa tano, akaambiwa Beth zimeisha na hazishonwi tena.

Anti aliwaka. Siku pekee aliyokosa dukani mwezi huo ni ile aliyoenda Embu kununua vitambaa, na aliyeachwa na duka ni Njoka, yule fundi wake wa miaka mingi. Akamwambia Njoka, mbele ya nyanya wa watu, kwamba ni yeye aliyefukuza wateja kwa sababu wanaume huona haya kutaja vitu vya wanawake. Njoka hakubishana. Alikunja futi yake ya kamba, akachukua mkasi wake, akatoka. Ana watoto watatu, Mama. Hakurudi.

Tulishona za wasichana wote wa shule ya Ann kwa wiki tatu, mimi na Anti na cherehani mbili. Shule yetu ilifunga Jumatano na ile ya Gachoka ilikuwa inafunga Ijumaa, kwa hivyo Alhamisi Jamaldin akatupeleka na pikapu yake ya nyama, aliyokuwa ameiosha mara tatu na bado ilinuka matumbo. Wasichana walipanga foleni. Anti akaanza hotuba yake, akafika pale pa benchi la Jiografia, akanishika bega akasema Beth ndiye huyu. Msichana mmoja mwembamba mbele, aliyekuwa amekumbatia sketi yake kifuani, akanitazama kutoka viatu mpaka nywele. Akasema, "Kumbe Beth ni mtu?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alikuja karibu, akaniambia polepole kwamba yeye ni Ann, na kwamba alidhani ni yeye peke yake.

Mama, sasa ndio nafika kwa neno lililonifanya niandike. Ile simu ya mwezi wa tano si Njoka aliyeishika. Ni mimi. Ilikuwa Jumamosi, na nilidhani Njoka ametoka kunywa chai. Mwalimu Nyaga aliuliza kama hapo ndipo tunashona Beth, na mimi siku hiyo nilikuwa nimesikia hilo jina mara nyingi sana. Nikamwambia Beth zimeisha. Nikaona raha. Na Njoka alipofokewa, nilikuwa naweka vifungo, nikaendelea kuweka vifungo.

Nilimwambia Anti ndani ya ile pikapu, njia ya kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimsikia amenyamaza, tena mpaka nyumbani. Jana asubuhi akasema twende kwa Njoka na mimi ndiye nitaongea kwanza. Niliongea nikiangalia kuku wake. Njoka akasema alijua tangu siku ile, kwa maana hakuwa ametoka, alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi. Anti akamuuliza sasa kwa nini alikubali kubeba lawama. Njoka akasema yeye aliona huyu msichana ameshasemwa vya kutosha katika lile duka.

Anti aliketi kwenye kigoda cha wenyewe kabla hajakaribishwa. Alimwomba Njoka msamaha, halafu akanigeukia akaniomba na mimi. Akauliza kama abadilishe jina la sketi. Nilifikiria Ann, nikasema liache, lakini hadithi ya benchi ni yangu, nitaisema mimi nikitaka. Akakubali. Njoka anarudi kazini kesho.

Usinikasirikie sana, Mama. Na kama utakasirika, niandikie, usipige simu.

Anti anakusalimu, Jamaldin pia, na ndama dume. Jifunike vizuri.

Ni mimi mtoto wako,
Beth (A-WA)