Mbambakofi Uliouacha Gede

Ndugu yangu Karisa,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Masika yamepita mara mbili tangu tukuzike, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Udhuru sina, na udhuru usiokuwapo siutungi. Kila niliposhika kalamu nilijiona mjinga: nani atampelekea barua mtu aliye chini ya ardhi? Leo nimeukubali ujinga huo, kwa sababu lipo jambo nisiloweza kulizungumza na mtu mwingine. Linauhusu ule mti wa mbambakofi ulio nyuma ya nyumba yako, na linamhusu mwanao Safari.

Safari anajenga. Anataka vyumba vya kupangisha, na simlaumu; kiwanja umemwachia yeye, na watoto wake wanakua. Alipoipeleka ramani ya nyumba kwenye ofisi ya kaunti, aliambiwa kwamba kwa kuwa pana mti mkubwa, alete kwanza ripoti ya mpimaji wa miti. Akaja kwangu Malindi asubuhi, na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ndizi zote hizi, nani anaoa?"

Akacheka, kisha akalitoa lililomleta. "Andika tu kwamba umeoza ndani. Wewe ukisema umeoza, nani atakubishia?"

Umesikia, Karisa? Jina tulilolijenga mimi na wewe, kwa jua na mbigiri, toka Sabaki hadi Gongoni, tukipima miti ya watu kabla hawajachimba misingi, mwanao alitaka kulitumia kama shoka. Sikumgombeza. Nilimwambia kwamba mti hupimwa kwanza ndipo ukaandikwa. Ndizi nilimrudishia, akakataa kuzibeba. Majirani wamezila.

Nilikwenda Gede peke yangu, na hapo ndipo nilipokukosa hasa. Kamba ya kupimia ina ncha mbili. Ncha yako nililazimika kuifunga kwenye kigingi. Nilisimama kidogo nikikitazama kile kigingi... Basi. Nikaendelea na kazi.

Nililigonga shina pande zote kwa nyundo ya mti, kama ulivyonifundisha nilipokuwa bado sijui kutofautisha mti mgonjwa na mti mvivu. Lilijibu kwa sauti iliyoshiba. Uyoga wa kuoza haukuwapo pale mizizi inapoanzia, wala nyufa. Tawi moja tu limekauka, na hilo ni la kukatwa kwa msumeno, si la kuuhukumia mti mzima. Kisha nikafukua udongo kwa mikono, polepole. Mizizi niliikuta karibu sana na uso wa ardhi, imetambaa hadi mbali kupita kivuli. Ulizoea kuwaambia wenye viwanja, "Huku kwetu chini ni mwamba. Mti haushuki, unatandaa." Ramani ya Safari ilikuwa inapitisha mtaro wa msingi juu ya mizizi hiyohiyo, na shimo la maji taka limewekwa pale palipo na mizizi minene kuliko yote. Mti ungesimama mwaka mmoja au miwili ukiwa umekwisha kufa, kisha ungewaangukia wapangaji.

Nikaandika nilichokiona: mti ni mzima, ramani ndiyo yenye kasoro. Hata hivyo sikumwachia kijana "hapana" tupu. Nilimchorea njia. Nyumba igeuzwe, itazame barabara. Shimo lihamie upande wa mbele. Pembe iliyo karibu na mti ikae juu ya nguzo, na mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono katikati ya mizizi. Atapoteza chumba kimoja.

"Chumba kizima, baba mdogo! Kwa ajili ya mti usiolipa kodi!"

Mkeo Kadzo alikuwa jikoni. Hakutoka, alipaza sauti tu. "Na wewe miaka yote uliyolala hapa, ulimlipa nani kodi?"

Safari aliichukua ripoti, akaikunja, akaitia mfukoni. Alisema atafikiri ni ramani ipi aipeleke: ile ya kwanza, au hii niliyomchorea. Yuko kijana mwingine mjini ambaye angemwandikia kwa furaha kwamba mti umeoza. Mimi nalijua hilo, na yeye analijua.

Niliporudi wiki iliyofuata, nilikuta vifaa vimeanza kushushwa, ingawa kibali cha kaunti bado. Mafundi walikuwa wameuvisha mti bati shinani, kuzunguka vizuri kabisa, na msimamizi wao akanipokea kwa tabasamu. "Mzee, mti wako tumeulinda! Hata mbuzi hagusi!" Na nyuma yake, Karisa, chini ya mti huohuo, lundo la kokoto, mifuko ya saruji, na vijana wanakoroga zege kwa ajili ya matofali, maji ya saruji yakinywewa na mizizi! Sketi ya bati shinani, na miguu inachomwa. Ungecheka hadi ukae chini.

Niliwaambia waondoke pale mara moja. "Sasa mzee, tufie juani?" aliuliza mmoja, na swali lake lilikuwa la haki. Nikakumbuka neno lako: "Fundi usipompa kivuli, atajichukulia." Basi sikubishana. Nilinunua makuti na fito, tukawajengea banda karibu na barabara. Kabla halijamalizwa kuezekwa, msimamizi alikuwa amekwisha kuhamisha redio yake. Zege, kokoto na saruji vikamfuata. Ndipo tukapiga uzio pale mizizi inapokomea, si pale shina linapoanzia.

Jana nilipita tena. Nilipofika langoni, lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwenye uzio, na Safari analikimbilia huku kandambili moja imemchomoka.

"Simama! Mwaga kule mbele! Hapa pana mizizi!"

"Mizizi iko wapi, bosi? Mimi naona mchanga mtupu."

"Huioni kwa kuwa si yako. Toa gari!"

Hakujua kwamba nilikuwapo. Nikageuka taratibu, nikaenda zangu. Mtu hukemewa akikosea. Akitenda vyema bila kutazamwa, aachwe na heshima yake.

Jumatatu anakwenda kwenye kaunti na ramani moja mkononi. Hakuniambia ni ipi, wala sikumwuliza. Najua ni ipi. Kwa upande wa ofisi pia sina hofu, kwa maana kila mstari wa ripoti ile nauweza kuusimamia mbele ya yeyote atakayeuliza.

Pumzika, ndugu yangu. Mola akuweke pema, pamoja na wema wenzio. Ofisi ikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza, kabla hata mke wangu hajasikia. Naye akinuna, nitamwambia kwamba mwenye mti hupewa habari zake kabla ya watu wengine.

Mimi, nduguyo,
Athmani