Umra Yetu ya Karibiani

Bi Mawadda, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa baada ya alasiri mamamkwe wangu amealika wanawake wa mtaa waje kunisikiliza nikiwasimulia Umra niliyofanya, na mimi Umra sijafanya.

Tunaishi naye hapa mtaa wa Al Twar, huku Uarabuni, mimi na mume wangu Khelef, ukoo wao wa Unguja, mwaka wa tatu huu tumeoana na fungate hatukupata, na hamu ya Khelef tangu uchumba ni kukodi boti ya matanga tuzunguke visiwa vya Karibiani, kutoka St. Lucia mpaka Grenada, siku kumi, sisi wawili na nahodha. Nikamuuliza mama atasemaje, akacheka, "Tukimwambia boti, ataita kikao cha ukoo. Tukimwambia Umra, atatusomea dua." Nami, Mungu anisamehe, nikakubali, nikapanga begi nguo za kuogelea chini na mabaibui juu.

Mama aliposikia akasema, "Nichukueni na mie." Nikamjibu miguu yake haitaweza. Akaingia chumbani, akarudi na karatasi aliyoandika kwa mkono wake, majina ishirini na mbili ya marehemu wake, niwaombee mmoja mmoja mbele ya Kaaba.

Siku ya nne tunakaribia kisiwa, upepo umechafuka, maji yanaruka mpaka ndani, nahodha wetu Nick anatupigia kelele tushike kamba, mara simu ya Khelef ikalia, ni mama. "Mbona upepo hivyo, mwanangu?" Khelef akasema tuko nje ya hoteli. "Haya, n'elekezee simu huko kwenye Kaaba na mie nione." Khelef akakata, halafu akamwandikia kwamba mtandao mbovu.

Begi langu likawa limelowa. Nikaitandaza ile karatasi kitandani ikauke, wino umechuruzika, majina yote yamefutika isipokuwa la mwisho, mama ameandika: "Sufyan, mwanangu wa siku tisa." Khelef anajiita kifungua mimba wa mama yake, hajui kama alipata kuwa na kaka, na sikumwambia. Nikamsomea mtoto yule Fatiha palepale, boti inayumba, na hiyo ndiyo ibada yote ya safari yangu.

Tumerudi, maji ya zamzam ya kumpa mama tumeyanunua duka moja la Karama, mtaa wa hapa hapa mjini. Mama alinishika mikono akaninong'oneza, "Na yule wa mwisho, ulimuombea?" Nikasema ndiyo. Akalia, akasema miaka arobaini hajasikia mtu akimtaja. Khelef ananiambia, "Khalas, yamepita, Ijumaa sema maneno mawili matatu." Nikisema kweli naogopa nitamvunja moyo asipone, nikinyamaza nitakaa mbele ya wale wanawake nikidanganya mpaka juu ya mtoto aliyekufa. Nifanye nini?

Ummi (majina nimeyabadilisha), Al Twar

*

Ummi, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nilikuonea huruma, na bado nina hasira.

Mke kupanda boti na mumewe si aibu. Mngesema, mama angenuna wiki moja, yakaisha. Nyinyi mmechukua nyumba ya Mungu mkaifanya pazia, tena mkamwacha nyuma bibi aliyewaomba kwenda, kwa kisingizio cha miguu yake! Hilo ndilo litakalomuuma kuliko boti yenyewe, jiandae.

Sasa sikiliza. Ijumaa hakuna mtu atakayekuja. Wapigie wanawake wote wewe mwenyewe, waambie shughuli imeahirishwa, usiongeze neno. Kesho asubuhi Khelef akae mbele ya mama yake aseme kwa mdomo wake, maana uongo ulikuwa wake na mama ni wake. Wewe kaa kando yake, usijitetee. Chupa za Karama ziwekeni mezani, mseme zimetoka wapi. Akiwafukuza chumbani, tokeni. Akilia, msimnyamazishe.

Lakini habari ya Sufyan usiitie katika kikao hicho. Siri ile si yako wala si ya mumeo. Mfuate mama mkiwa wawili tu, umwambie ulimsomea mwanawe Fatiha baharini, kwa moyo wako wote. Hilo ni kweli, Ummi, na ndilo neno la kweli pekee ulilorudi nalo. Kama atataka Khelef ajue, atamwambia mwenyewe.

Kisha, akiwa tayari, nendeni Umra. Watatu. Kiti cha magurudumu atakisukuma Khelef. Na wewe usijitolee kumbebea karatasi nyingine, kwa sababu safari hii jina la mwanawe atalitaja mwenyewe.